Vidudu Vilivyoshibishwa

Mpimaji aliingia maabara akiwa bado anatafuna, akalimeza tonge zima zima. Maji ya chupa yake, aliyoyaacha jana maangavu kabisa, yalikuwa ya kijani.

"Nani kagusa chupa yangu?"

Dada yake, aliyelisha kamba wachanga katika matangi ya chumba cha pili, alikuwa akisuuza vikombe vya kulishia. "Mimi, mdogo wangu. Nilivionea huruma. Vidudu vya watu vimelazwa njaa, hata chembe! Nikavitilia mwani kidogo wa tangini. Vilivyoufakamia, ungeviona!"

"Havikutakiwa kula!" Damu ilimpanda Mpimaji kichwani. "Nilitaka matumbo yawe matupu, kipimo kisome miili iliyojengwa na mlo wa siku zote, si shibe ya usiku!"

Vidudu hivyo, vidogo kama punje za chumvi, alivivua kwa wavu laini mfano wa leso, amezama kwenye tope hadi mapajani, pale mto unapokutana na bahari. Alitafuta jambo moja: vinaishi kwa majani ya mikoko yanayooza matopeni, au kwa mwani unaoelea? Samaki wachanga huvila vidudu hivyo. Vikiwa vinategemea majani, mikoko ingeachwa. Vikiwa vinategemea mwani tu, mwenye kiwanda, aliyetaka kujenga hapo, angeleta misumeno. Kikao cha kuamua kilikuwa asubuhi hiyo hiyo.

"Si uviache vijisaidie, halafu upime?" dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usiku mwingine niutoe wapi? Mfukoni?"

Mkuu wa kituo, waliyemwita Bwana Haraka akiwapa mgongo, alichungulia mlangoni huku akifunga tai. Akaitazama chupa, akatabasamu. "Kelele za nini? Pima hivyo hivyo."

"Kitasomeka mwani wa dada!"

"Mwani ni mwani. Vimekula, havijala?"

"Vimeandaliwa mezani! Hata wewe, mkuu, ukifungiwa chumbani na sahani moja utaikomba. Tuandike ndio mlo wako wa kila siku?"

Dada alichekea puani, kisha akajikaza. Bwana Haraka hakucheka.

"Nimeshamwahidi mwenye kiwanda jibu. Lete chupa."

Hapo Mpimaji akaelewa kwa nini mkuu alitabasamu: mwani ndio jibu alilokwisha kuliahidi. Hasira ya kwanza, ya moto, ilikuwa juu ya dada. Hii ilimshika baridi, ikamtuliza mikono. Akaiwahi chupa, akaiinamisha juu ya sinki, akafungua bomba. Kijani chote, pamoja na vidudu vyake, kikazunguka kikaenda. Dada alifumba macho.

"Una wazimu?" Bwana Haraka alifoka. "Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Nitawaambia mimi: bado hatujui, na atakayekata leo anakata gizani. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele yao."

Bwana Haraka akatoka akibamiza mlango.

Dada alijifuta mikono kwenye aproni. "Nakuja nawe. Nitasema ni mimi niliyevilisha."

"Utasema, tena kikombe kwa kikombe." Mpimaji alivaa viatu bila kumtazama. "Lakini njiani usiniongeleshe, dada. Tafadhali. Sijamaliza kukasirika."

Wakatoka, mmoja mbele, mmoja nyuma.