Kayamba ya Mwenyekiti

Jumapili rekodi ya wimbo wa kwaya ingechezwa mbele ya askofu, na sauti ya Nangila, aliyeuongoza, haikusikika. Kilichosikika ni kayamba.

Mpiga kayamba alikuwa Shiundu, mwenyekiti wa kwaya. Siku ya kumiksi alikuwa amesimama nyuma ya Wekulo, fundi wa studio ya Kaloleni, akimwamuru aipandishe kayamba, na Wekulo akatii. Nangila alipolalamika, kamati ilipitisha azimio, likapendekezwa na kuungwa mkono ipasavyo, kwamba kasoro hiyo ishughulikiwe wakati wa kumasta, hatua ya mwisho ya kurekodi. Ndiyo maana yeye na Shiundu walikuwa Kariokor, ghorofani juu ya wauza viatu, kwa Triza anayemasta nyimbo.

"Dada, tushushie kayamba," Nangila alisema.

"Siwezi."

"Na mashine zote hizi?" Shiundu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyenusurika.

Triza aliwaonyesha kompyuta. "Kwa Wekulo kila sauti ina mstari wake. Yeye ndiye anayepandisha huyu na kushusha yule. Mimi nimeletewa faili moja, sauti zimeshaungana. Kazi yangu ni kuusawazisha wimbo mzima, usikike vizuri kwenye spika yoyote."

"Azimio la kamati linasema..."

"Mzee, kamati haikuniletea kayamba peke yake."

Hata hivyo alijaribu, kwa heshima. Alipunguza sauti za juu na kayamba ikafifia. Lakini herufi s za Nangila hukaa huko huko juu, zikaenda nayo. Sasa aliimba kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.

"Askofu ananijua na meno yangu yote," Nangila alisema. "Baba, mpigie Wekulo. Anakusikiliza wewe tu."

Shiundu alichelewa kuipata simu mfukoni.

"Wekulo, ile kayamba... ishushe."

"Si ulisema nikiishusha nitafute kanisa lingine, mzee?"

"Nilisema?"

"Na ukarudia."

Shiundu alimtazama Nangila. Nangila hakupepesa macho.

"Shusha. Lakini isipotee."

"Niishushe kiasi gani?"

Shiundu alifikiri, kisha akamkabidhi Nangila simu. "Mwambie wewe."

Miksi mpya ilipofika, Triza hakuwa na mengi ya kufanya: aliupa wimbo wote nguvu, akahakikisha hakuna kinachokwaruza, akaucheza. Sauti ya Nangila ilikuwa mbele, safi. Kayamba ilimfuata nyuma kwa adabu.

Shiundu alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye ubeti wa tatu aliinua mkono.

"Simamisha hapo. Ubeti huu ni mpya?"

"Tunauimba tangu Januari, baba."

"Maneno mazito sana. Nani aliutunga?"

"Mimi," alisema Nangila. "Uliupitisha kwenye kamati."