Vinyweleo vya Tairi Jipya

"Na haya matairi yaliyolika tunayahamishia kwenye gari la mama, kama kawaida?" Duane, muuza matairi, aliuliza, kalamu ikiwa tayari mkononi, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake.

Orrin Tveit aliisogeza kofia yake nyuma. Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Kwa miaka thelathini na moja jibu lilikuwa ndiyo, tena alilitoa huku akijimiminia kahawa ya bure ya dukani. Kwenye mashamba ya ng'ombe ya mashariki mwa Montana hakuna anayelishangaa jambo hilo. Tairi jipya huenda kwenye pikapu inayobeba majani ya ng'ombe, na likishalika nusu huvuliwa na kuvalishwa gari la mke. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake vilevile. Pikapu ya ng'ombe ndiyo inayolisha nyumba, walisema, na mke huendesha barabara nzuri.

"Leo hapana," alisema. "Leo mapya ni ya Marlys. Nimekuja na gari lake, liko nje."

Duane alichungulia dirishani. Pikapu ndogo ya bluu ilisimama juani, mlango wa abiria bado umebonyea tangu ilipoingia mtaroni mwezi wa nne. Aliirudisha kalamu mfukoni taratibu.

"Haya, mzee wangu. Kwani anarudi nyumbani?"

"Leo ndiyo atasema. Daktari ameshamruhusu kutembea na kuendesha. Atachagua shambani, au abaki hapa mjini kwa dada yake."

"Basi tusikosee tairi," Duane alisema, na wakaingia katikati ya marundo meusi yaliyopangwa hadi darini.

Duane alipenda kazi yake, na aliliongelea kila tairi kana kwamba amelilea mwenyewe. Alilipiga kofi moja lenye kashata pana, yale meno ya tairi, zilizokwenda chini sana. "Hili linatafuna tope. Lakini kwenye lami linanguruma, redio husikii." Akagusa jingine, jembamba na laini. "Hili ni la barabara tu. Likiona mvua linaomba radhi." Kisha akasimama kwenye rundo la tatu. "Na haya ni ya njia zote. Lami, changarawe, theluji. Vitundu hivi ni vya misumari, barafu ikija. Sasa inategemea. Mama huwa anaendesha wapi zaidi?"

Orrin aliligusa tairi la juu. Alimjua kila ng'ombe wake anapenda kuzalia kichaka gani. Alijua geti lipi linakwama kukiwa na baridi. Njia za mkewe hakuzijua.

"Kanisani," alisema. "Na dukani."

"Kanisani hakuwezi kulimaliza tairi namna ile. Karibu kila mwezi alikuwa hapa na pancha."

"Kila mwezi?"

Duane alijikuna shingo. Alionekana kujuta kusema, lakini alishasema. "Jumanne anapita njia ya bonde la juu, anampelekea chakula bibi Hjelm. Ile njia ni mawe matupu. Nikimwambia, mama, matairi haya yamekuwa kipara, anacheka. Anasema, 'Duane, niache na vipara wangu, nimeshawazoea.' Halafu anakaa palepale uliposimama, anayatazama haya ya njia zote. Siku moja nikamwuliza, nikufungie? Akasema atamwuliza mzee."

Orrin alitaka kusema hakuniuliza. Maneno yalikuwa mdomoni alipokumbuka. Aliulizwa mezani, kijiko kikiwa mkononi, naye akasema tuone tukishauza ndama. Akaomba chumvi.

Mwezi wa tatu aliyapima matairi yale mwenyewe, kwa senti, kama wafanyavyo wote huko: unaichomeka sarafu katikati ya kashata, picha ya rais ikiwa kichwa chini, na ukikiona kichwa chake chote, tairi limekwisha. Alikiona chote, hadi nywele. Aliirudisha senti mfukoni akasema yatafika. Wiki nne baadaye mvua ilinyesha, na udongo wa huko ukilowa hushika kama gundi na kuteleza kama sabuni. Marlys alipoingia mtaroni, Orrin alikuwa mnadani akiangalia madume, simu ameiacha kwenye koti jingine. Mkewe alimsubiri saa mbili. Kisha akashuka, akatembea na matope yaliyozidi kuwa mazito kwenye viatu, na kwenye geti la pili akaanguka na kuvunjika nyonga.

"Funga haya," Orrin alisema. "Manne, na la spea."

Verla, dada yake Marlys, ndiye aliyefungua mlango wa nyumba yake Orrin alipobisha. Alimtazama shemeji yake kuanzia kofia hadi viatu. "Shemeji leo umenyoa," alisema. "Lazima una kesi."

Marlys alitoka polepole na fimbo yake. Alikuwa amepungua. Orrin aliona aibu kwamba miezi yote hii alikuja kila Jumapili na hakuliona hilo. Alimwona mkewe akilitazama gari, akishuka ngazi moja baada ya nyingine, akikataa mkono aliomnyooshea. Aliiegemeza fimbo ukutani, akalizunguka gari lote akilishikilia. Kwenye tairi la mbele aliegemea boneti, akainama kidogo, akapitisha kiganja juu ya mpira.

"Yana vinyweleo," alisema.

"Tairi jipya huwa hivyo. Vinatokana na utengenezaji wa kiwandani."

"Najua vinatokana na nini. Ila sijawahi kuwa navyo." Aling'oa kimoja, akakitazama, akakiacha kidondoke. Akang'oa kingine.

Njiani Orrin alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimtoroka. "Nilikosea, Marlys. Uliniambia, nami nikasema tuone tukishauza ndama."

"Ulisema hivyo miaka mitatu."

"Mitatu?"

"Mwaka wa kwanza uliomba chumvi. Mwaka wa pili ulikuwa unasoma gazeti. Wa tatu hata sikungoja jibu." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Na ya pikapu yako je?"

"Yamelika. Lakini yatafika."

"Mpaka tuuze ndama?" Aliuiga hadi mkwaruzo wa sauti yake, na Verla akacheka pale mlangoni.

Marlys alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Alimpa, akamwacha apande, kisha akazunguka upande wa abiria. Mkewe alikuwa ameshaketi na kufunga mkanda, na mlango ule uliobonyea hakuufungua kutoka ndani.

"Wewe baki," alisema kupitia dirishani.

"Unakwenda wapi?"

Alilisikia swali lake mwenyewe likitoka, na akajua halijawahi kutoka. Marlys pia alijua. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Kwa bibi Hjelm kwanza," alisema. "Nimemkosa Jumanne nyingi. Baada ya hapo njia inagawanyika, nitaona."

Njia ile hugawanyika kwenye bonde la juu. Mkono mmoja huzunguka kurudi mjini, na mwingine huteremka hadi shambani kwao. Orrin alitikisa kichwa kukubali. Pikapu ilitoka taratibu, ikasimama kwenye njia panda, taa ya kuashiria kona ikawaka, kisha ikapotea nyuma ya ghala la nafaka. Sauti ya matairi ilisikika kidogo zaidi, ikaisha.

"Atachukua muda gani?" alimwuliza Verla.

"Mimi nitajuaje, shemeji? Keti."

Aliketi kwenye ngazi. Fimbo ya Marlys ilikuwa imeegemea ukuta pale alipoiacha, na chini, penye alama za magurudumu, vilibaki vile vinyweleo viwili vyeusi vya mpira. Aliichukua fimbo, akailaza magotini, na kuanza kusubiri.