Tarumbeta la Kusikilizia

Kwaya ilikuwa imeshanyamaza, na Sista Gaudensia bado alikuwa anapiga makofi. Wimbo hakuwa ameufuata. Alikuwa anaifuata mikono ya mpiga ngoma. Iliposhuka, alishusha ya kwake, ilipopanda, aliipandisha. Sasa mpiga ngoma alikuwa ameinua mkono kufuta jasho tu, na makofi mawili ya Sista yakabaki peke yake uwanjani, kama kuku waliosahauliwa nje wakati wa kufunga banda.

Watu wakacheka kwa upendo. Walidhani ni furaha.

Ilikuwa siku ya kumuaga, mbele ya zahanati ndogo ya vilima vya Mwese alikozalishia karibu nusu ya waliokuwa wakimwimbia. Walimwita Sista kama waitwavyo wauguzi, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa mjane wa marehemu Cletus. Walikuwa wamemvisha vitenge, kimoja juu ya kingine, hata mabega yake yakafanana na kitanda kilichotandikiwa wageni.

Mwenyekiti wa kijiji, Deo, akasimama. "Sista, kustaafu kwa lazima ni miaka sitini, kwa hiari ni hamsini na tano. Wewe umekimbilia hiari! Hiyo miaka mitano unamwachia nani?"

"Namwachia Happiness," akajibu, akimwonyesha kwa kidevu muuguzi kijana aliyeketi kando yake. Wakacheka tena. Swali lile aliweza kulijibu bila kulisikia, maana tangu mavuno kila aliyekutana naye alimuuliza hilo hilo.

Majibu walikuwa nayo wenyewe. Wengine walisema amejenga nyumba Karema, kwa wazazi wake, akale dagaa na kutazama ziwa. Wengine walisema anakwenda kujifungia kwa masista wa kweli, amtumikie Mungu aliyempa kipaji. Jirani yake Nyanzala yeye alisema, "Mwacheni mama wa watu. Kuamshwa usiku na matumbo ya wenzio miaka yote hiyo, hata ng'ombe wa kulimia hupumzishwa." Kila mtu alimvisha sababu kama walivyomvisha vitenge: kila mmoja alileta rangi aliyoipenda mwenyewe.

Sababu yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wake. Ilikuwa ni kipimo cha bati, chembamba katikati na kipana huku na huku, ambacho mkunga hukisimika juu ya tumbo la mama, akaweka sikio upande wa pili, akasikiliza moyo wa mtoto. Wanawake wa pale walikiita tarumbeta. Gaudensia alikuwa amekitumia mpaka kingo zake zikang'aa kama sarafu.

Uziwi haukumjia kwa kishindo. Ulimjia kama mchwa, ukala ndani na kuacha mlango ukiwa umesimama. Mwenye mume huambiwa, "Mama nanii, punguza redio hiyo." Mwenye watoto huulizwa, "Mama, mbona tunakuita huitiki?" Yeye nyumbani mwake hakuwa na wa kumwambia. Cletus alikuwa ardhini, na watoto Mungu hakuwajalia. Jioni alifungua redio afuate rozari, na kila mwezi aliiongeza kidogo. Siku moja Nyanzala alimshika mkono kisimani. "Jirani, Mungu akubariki. Siku hizi rozari yako tunaisali wote huku kwetu, hata mume wangu mlevi ameshaijua." Gaudensia aliipokea ile kama sifa. Alifika mlangoni kwake ndipo akasimama, ndoo kichwani, akajiuliza kwa nini redio ya mtu mmoja isikike nyumba ya pili.

Hata hivyo alijipa moyo, mpaka siku ya Suzana.

Suzana, mke wa Masunga mfugaji, alikuwa ameshazika watoto wawili. Aliletwa kwa pikipiki, uchungu umeanza, na alipolala kitandani hakuyaondoa macho yake usoni pa Sista. Gaudensia alisimika tarumbeta chini ya kitovu. Kimya. Akalihamisha kushoto, kulia, akarudi pale pale. Kimya kile kilikuwa kizito kama kanisa baada ya watu kutoka. Aliinuka tu, akafanya ishara ya msalaba.

Kwa Suzana hukumu ilikuwa imetoka. Kilio chake kilipita dirishani, shangazi zake nje wakakipokea, na Masunga, mwanamume asiye na maneno mengi, akaondoka kwenda kuazima jembe.

Happiness, aliyekuwa chumba cha chanjo, aliingia mbio. Akapiga magoti, akaweka sikio. Aliinua uso, na kinywa chake Gaudensia alikisoma vizuri kabisa.

"Sista! Mbona moyo unapiga mbio?"

Masunga aliporudi na jembe begani alikuta mwanawe analia. Wakamwita Heri. Jumapili ile katekista Zefania alisimama kanisani akatangaza kwamba moyo wa mtoto ulikuwa umezima, Sista akafanya ishara ya msalaba, nao ukawaka. Kanisa zima likageuka kumtazama. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Alifungua kinywa, akaona macho ya Suzana, akakifunga.

Toka siku ile alikuwa akisali akijua kwamba ameibeba sifa isiyo yake, na mwenye sifa hiyo yuko mbinguni. Lakini Mungu angeweza kumvumilia, matumbo yasingeweza. Wanawake walianza kuja hata kutoka Usevya, wakisukuma tarumbeta pembeni. "Nitie msalaba tu, Sista." Malale alikuja anatoka damu, gari limeshaitwa limpeleke Mpanda, akagoma kupanda. "Kwa nini niende kukatwa na wewe upo?" Walimbeba kwa nguvu. Alipona, yeye na watoto wake pacha, ila wiki ile ile Gaudensia alipanda gari kwenda kupimwa masikio.

Daktari aliyempima masikio huko mjini alimshauri abadilishiwe kazi, akae dirisha la dawa. Gaudensia alilifikiria dirisha lile njia nzima akirudi. Dirishani watu hunong'ona. Nani apazaye sauti kuutaja ugonjwa wake? Alipofika alikwenda moja kwa moja kuomba kustaafu.

Sherehe iliisha mawingu yakishuka. Alikuwa nyumbani, anavikunja vitenge, alipoona mwanga wa mlangoni umezibwa. Ni Suzana, Heri mgongoni, jogoo kwapani.

"Shikamoo, mayu," alisema, au midomo yake ilisema. Mayu, mama, ndivyo Wasukuma walivyomheshimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Suzana alimweka jogoo chini, wakaketi benchini, akamfungua mtoto, akamkalisha mapajani pa Gaudensia, kisha akainamisha paji la uso wa mtoto mbele, akingoja. Alikuwa amekuja kwa ajili ya msalaba wa mwisho. Kidole gumba cha Gaudensia kiliinuka chenyewe kwa mazoea. Kikabaki hewani.

"Suzana," alisema. "Huyu hakufa."

Suzana akatikisa kichwa, akitabasamu.

"Hakufa, nakwambia. Moyo wake haukuzima hata kidogo. Masikio yangu ndiyo yalizima. Nilimtia msalaba mtoto mzima kama maiti, nikakuliza wewe, nikamtuma baba yake jembe. Halafu nikanyamaza, watu wakaniheshimu. Ndiyo maana naacha kazi. Sihamii Karema wala popote."

Mvua ikashuka wakati ule ule. Aliijua kwa mtetemo wa benchi, bati zima likigombana juu yao. Tabasamu la Suzana liliondoka. Akatazama sakafu, akamtazama mtoto, kisha akaanza kusema. Alisema kirefu. Mikono yake ilipanda na kushuka, na Gaudensia aliifuata kama alivyoifuata ya mpiga ngoma. Laana? Shukrani? Midomo ya anayelia na ya anayecheka hufanana sana.

Siku nyingine yoyote angeitikia kwa kichwa. Angesema "ndiyo, ndiyo," akatabasamu, akawasindikiza mpaka njiani, kisha akarudi ndani na kimya chake.

Alikiweka kiganja mgongoni kwa Heri. Pale chini ya ubavu mdogo, moyo ulikuwa unamgonga mkononi, haraka, kama mtu aliye nje mvuani anayetaka kufunguliwa.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Sikukusikia. Mimi sisikii."

Suzana akasogea benchini mpaka magoti yao yakagusana, akazungusha viganja vyake viwili kuzunguka sikio la yule mama, kama mtu asimikaye tarumbeta, na akainama.