Diski ya Mama Mkwe

Fundi viatu alifiwa na mkewe hospitalini, mashine ya hewa mbovu na wakubwa wako mkutanoni. Tangu hapo kila lililokwenda mrama duniani, hata mvua kuchelewa, aliwatwika wakubwa.

Kilichobaki cha marehemu kilikuwa ndani ya kadi ya kamera ya shemeji yake: mke akiimba, akimsema mumewe, akicheka mpaka machozi. Mama mkwe alitaka kumwona binti yake kabla macho hayajamzimikia kabisa. Simu hakuiweza, aliiweza deki yake ya zamani na rimoti yake tu. Basi ikatakiwa diski yenye menyu na vitufe vikubwa, achague mwenyewe.

Fundi akamwendea dada wa kompyuta, jirani wa kibanda chake. Dada akamweleza kwamba programu nzuri ya kazi hiyo bei yake haishikiki. Ya bure ipo na haina matata, ila haina menyu, picha zinafuatana tu kama siafu. Ipo na ya kujaribiwa kabla ya kulipia, menyu zake zinavutia kama bibi harusi, lakini programu za namna hiyo zina hila zake. Afadhali ile ya siafu.

"Wenye nacho ndio wachague menyu, sisi tupange foleni?" fundi alisema. "Weka hiyo ya bibi harusi."

"Mzee wangu, bibi harusi humjui mpaka umfunue shela."

"Mimi nimeoa, dada. Wewe bonyeza."

Picha zikachomwa kwenye diski. Fundi akaijaribu kama anavyojaribu kiatu: soli unaikunja mara moja, ikirudi, imepona. Akabonyeza kitufe, mke akaonekana, akasikika, fundi akarukia kingine. Vyote vikaitika. Hakuna alichokitazama hadi mwisho, moyo haukumruhusu.

Kisha akataka kadi isafishwe, isibaki picha hata moja. Kwao chombo cha kuazima hakirudi na makombo. Dada akamwambia kwenye kompyuta hakubaki nakala, akamuuliza kama ana hakika, akajibiwa kwamba mtu hakulelewa jalalani. Shemeji naye, akidhani picha zimehifadhiwa kwenye kompyuta, akaijaza kadi harusi ya watu.

Mama mkwe akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Akabonyeza mwenyewe. Binti yake akatokea jikoni, mwiko mkononi: "Mama, kuna jambo nataka nikuambie, ila usinicheke…"

Kioo kikawa cheusi. Yakaja maandishi ya kigeni yasiyohitaji mkalimani, yana alama ya fedha. Menyu ikarudi.

Fundi akaisingizia rimoti, akajaribu kitufe kingine. Wimbo ukakatika kabla ya kiitikio. Kingine tena: kicheko kikakatwa kikiwa bado kinapanda. Akampigia shemeji, akasikia habari za harusi, akakata simu. Akawalaani waliotengeneza programu, na wakubwa wa hospitali, na waliowaweka hapo, mpaka maneno yakamwishia.

"Wakubwa hawamo humu ndani, baba," mama mkwe alisema taratibu. "Zile nzima ziko wapi?"

"Hazipo, mama. Nilirudisha kadi safi."

Mama mkwe akaiweka rimoti mapajani.

"Hilo jambo lake. Ulipoitazama, alisema nini?"

"Sikuifikisha mwisho."

Mama mkwe akapapasa kitufe kile kile. Binti akatokea tena na mwiko wake. Fundi akainuka, akatoka nje kabla haijakatika.