Sifuri Nne

...sifuri nne na nukta katikati, nimeziandika mimi, kwa vidole hivi hivi, Ijumaa, tena nikipiga mluzi, nikijua sifuri ni sifuri, hakuna kitu, hakuna mtu, mfukoni sifuri ni sifuri, darasani sifuri ni sifuri, kumbe kwenye anwani ya kusikiliza sifuri maana yake yeyote, seva ya zahanati isikilize kila njia, imfungulie kila anayebisha, Mungu wangu, kila anayebisha, na mstari wa chini yake poti, nambari ya mlango wenyewe, wazi mchana na usiku, nitafukuzwa, wakigundua nitafukuzwa leo leo... "Fundi, umelala?" daktari mkuu huyo, yuko mezani kwake nyuma yangu, simu begani, anacheka, "mapokezi wanasema majibu hayafunguki haraka," nami nimesema narekebisha kidogo tu, daktari, sauti imenitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani, wala hajashtuka, amerudi kwenye simu yake, anabishana na mtu kuhusu rangi ya mapazia, mapazia jamani, na hapa kwenye kioo cha kompyuta seva inanionyesha waliobisha, anwani nisizozijua, za mbali, hii, na hii, na hii tena, na ukurasa wa majibu ya vipimo hauombi nywila kwa sababu ulikuwa wa watu wa ndani, wa ndani tu, basi wameingia, wamesoma, na dada yangu yumo humo... dada hakutaka kupima hapa, alitaka aende mbali asikojulikana, nikamwambia njoo kwetu, dada, mashine naitunza mimi, hata mende hapiti, akacheka, akasema siri ya mtungi aijuaye kata, haya, uwe kata yangu, akaja kajifunika mtandio mpaka puani, akapima, na mimi majibu yake sijayafungua, naapa, niliona haya kuyafungua, shemeji mwenyewe hajaambiwa, dada anasubiri ampate siku ametulia, na sasa mtu nisiyemjua hata jina ameyafungua, ameyasoma, pengine anakunywa chai... naogopa, naogopa, tulia, futa sifuri, andika anwani ya ndani ya zahanati, polepole, ukikosea tarakimu moja seva haiamki na wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, nimeandika, nimesoma, nimesoma tena, iko sawa, imebaki kuiwasha upya, kidole kiko juu ya kitufe, nikibonyeza mlango unafungwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki, yaliyosomwa yamesomwa, ila nani atajua, daktari mistari hii haielewi, naweza kufuta na alama za waliobisha, kazi nikabaki nayo, Jumapili dada atanipakulia kama kawaida, ataniongeza bila kuniuliza, atanisimulia mambo ya shemeji, nami nitaitikia, mhm, dada, mhm... "Bado tu, Fundi?" bado kidogo, daktari, kidole hakijashuka, mapazia bado hayajapata rangi, na woga wangu umehama, mwanzo niliogopa kugunduliwa, sasa namwogopa huyu aliyekaa kwenye kiti changu, maana naona anaweza kabisa, anaweza kubonyeza, akafuta, akanawa mikono, akaenda kwa dada yake, akala.