Tangi Lisilojaa

Siku ya kwanza nilidhani wamenitumia karatasi za darasa la nne kimakosa. Mtoto wa miaka kumi na mitano, raia wa taifa linalorusha watu angani na kuzitisha nchi nyingine kwa simu moja tu, kaandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Wa pili kaandika sitini na tatu. Wa tatu kachora paka.

Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja mpaka nikastaafu, na sijawahi kupigwa na butwaa kiasi kile. Kazi yenyewe ilinijia kwa barua pepe. Bodi ya mitihani ya taifa hilo kubwa ilihitaji wasahihishaji wa nje, wakae makwao, wasahihishe kwenye kompyuta. Nikaweka meza sebuleni, nikapiga marufuku mtu yeyote kugusa waya, nikaanza. Kufikia Jumatano nilikuwa nimemaliza karatasi mia nne, na kila aliyepita mbele yangu nilimwuliza swali lile lile: hawa wamekuwaje wakubwa wa dunia? Mke wangu alisema labda wanajua kupanga foleni. Sikucheka. Nilijiona nimedanganywa maisha yangu yote.

Na humo humo ndani kulikuwa na moto mwingine. Binti yetu, kitinda mimba, yuko kidato cha tatu. Alikuwa amesimamishwa shule wiki mbili kwa kumwambia mwalimu wa fizikia, mbele ya mkaguzi, kwamba jibu lililoko ubaoni lina kosa. Mwalimu mkuu alitoa sharti moja: barua ya kuomba radhi ifike Ijumaa kabla ya saa nne, la sivyo asirudi tena. Kila asubuhi nilimwekea karatasi na kalamu kando ya kikombe chake cha chai, na kila asubuhi aliziacha pale pale.

"Lakini baba, kweli lina kosa," aliniambia. "Liangalie tu."

Sikuliangalia. Nilimwambia mwalimu ni mwalimu, na kwamba huo mdomo utamponza. Alhamisi nilimweleza wazi kuwa asipoandika, mimi sina tena mtoto wa kumsomesha. Akainuka kwenda kuosha kikombe chake. Nikajua nimeshinda, nikarudi kwenye karatasi zangu.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, kompyuta ikaita. Alikuwa msimamizi mkuu wa mtihani, akipiga kutoka huko huko kwao: mwanamke mwenye miwani, na nyuma yake rafu zimejaa mafaili. Aliniamkia shikamoo kwa lugha yetu, safi kabisa, nikabaki mdomo wazi.

"Mwalimu, karatasi namba mia mbili na kumi, swali la tisa," akasema. "Umempa sifuri."

Nililikumbuka. Swali liliuliza tangi lingejaa baada ya dakika ngapi, na mwongozo wa majibu ulisema mia moja na ishirini. Mtoto huyu, yule yule wa hamsini na nne, hakukokotoa chochote. Aliandika kwa mwandiko wa hovyo: "Tangi hili halitajaa mpaka mwisho wa dunia." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kama kungekuwa na alama ya chini ya sifuri ningempa hiyo.

"Soma swali tena."

Nikasoma. Tangi tupu la lita mia sita. Bomba linaingiza lita kumi na tano kwa dakika, tundu linatoa lita ishirini. Nikasoma mara ya pili, nikifuata kwa kidole. Mtunzi wa swali alikuwa amebadilisha namba mbili, hii pahali pa ile. Watoto wengine wote walitoa ndogo kwenye kubwa wakaendelea na safari, nami nikafuatana nao. Miaka thelathini na mmoja ya ualimu, halafu mtu mzima najaza tangi bovu karibu mara mia nne na kulitilia vema.

Nilitegemea aniombe tulifunike kosa hilo. Kumbe swali lilishafutwa jana yake, yule mtoto kapewa alama zote, na mtunzi kaziandikia shule zote kuomba radhi.

"Mtu mzima amwombe radhi mtoto asiyejua saba mara nane?" nikauliza.

"Saba mara nane mashine inajua, mwalimu. La tangi mashine haikuliona, mimi sikuliona, na wewe hukuliona. Shule za huku zina udhaifu mwingi, sikatai. Lakini mtu akisema hapa kuna kosa, wanaangalia kwanza."

Nikang'ang'ana. Nikamwambia kuangalia tu hakurushi mtu angani. Hesabu zote zile nani anawapigia? Akasema ofisini mwao wako kumi na mmoja, na waliozaliwa kule ni wanne tu.

"Sisi wengine tulifukuzwa madarasani kwetu," akasema. "Mimi ulinifukuza wewe. Ulikuwa ukiniita Mbishi."

Nilimwona pale pale: msichana mwembamba wa kidato cha pili, dawati la dirishani, anasema jibu la kitabu si sahihi. Nilimsimamisha nje muhula mzima, na muhula uliofuata hakurudi. Miaka mingi baadaye niligundua kuwa kitabu ndicho kilichokosea. Sikumwambia mtu. Sasa aliniambia kwamba kazi hii alinipendekeza yeye mwenyewe, kwa kuwa hajaona mtu anayefuata mwongozo kama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikata simu nikamwita binti yangu. Kimya. Kando ya kikombe hapakuwa na karatasi wala kalamu. Mke wangu akatoka jikoni uso umemchangamka, akaniambia mtoto kaandika alfajiri, kaenda nayo shule mapema. Nilitoka mbio na ndala.

Ofisini kwa mwalimu mkuu barua ilikuwa imeshagongwa muhuri. Aliisifu kuwa haina kosa hata moja. Nikasoma: Nimekosa. Sitabishana tena. Nikaomba nirudishiwe. Akashangaa, akasema imeshasomwa kwenye paredi mbele ya wanafunzi wote, na mambo yamekwisha.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya kabati, sare imenyooshwa. Nikavuta karatasi mezani, nikamwomba anioneshe lile swali la fizikia. Akaandika hatua kwa hatua, taratibu, na mwishoni akaweka jibu la mwalimu wake. Kosa lilikuwa mstari wa pili. Nililiona bila miwani.

"Mwanangu, hili ni sahihi?"

"Ni sahihi, baba."

"Hebu tazama mstari wa pili."

Hakutazama. "Ndivyo mwalimu alivyoandika," akasema.

Alisema kwa adabu kabisa, adabu ile ile niliyoidai kwake wiki mbili, na mwalimu mkuu akainuka kunipa mkono wa pongezi.