Namba Yenye Sita

Simu ilipoita mara ya kwanza, Placidi alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Alikimbia, akajikwaa kwenye jembe, akafika barazani anahema. Alitegemea kuona jina la mkewe kwenye kioo, maneno mawili tu: Mama Luisa. Hayakuwapo. Palikuwa na tarakimu tupu, mstari mrefu, na mbele yake alama ya kujumlisha. Akarudisha mkono nyuma haraka, kama mtu aliyekaribia kushika upupu. Simu ikaita, ikaita, ikachoka.

Hebu niwaambie kwanza ile simu ilivyokaa, msije mkamwona Placidi mjinga. Mwaka ule wa elfu mbili na sita mnara ulikuwa Mbinga mjini, na watu wa Matiri walikuwa wanadonoa mtandao kama kuku anavyodonoa punje. Kwa Placidi ulipatikana mahali pamoja: kwenye nguzo ya baraza, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Akapigilia msumari, akatundika kopo alilolikata upande mmoja ili kioo kionekane, simu yake ya tochi ikalala humo. Ukitaka kuongea unapanda juu ya tofali, unaegemeza sikio. Ukiitoa hatua moja, umeikata. Kwa hiyo ilikuwa simu ya mtaa mzima. Ikiita wote wanasikia, na mwenyewe akiongea wote wanajua.

Mkewe, Hildegardi, alikuwa amevuka ziwa kwenda Nkhata Bay, upande wa Malawi, kumwona mdogo wake Lukresia, aliyeolewa huko na aliyejifungua kwa kupasuliwa. Alikwenda kahawa imeiva mpaka inadondoka, na upepo wa mwera unavuma kwa hasira. Walibishana, wakanuniana, na siku ya kuondoka Placidi akatamka neno baya. "Nenda," alimwambia, "na ukitaka kubaki, baki." Hildegardi ni mwanamke asiyekosa jibu, lakini siku hiyo alifunga kitenge chake, akabeba mkoba, akashuka bondeni bila kusema kitu.

Kisha akaja Agripina, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Alipanda na lori kutoka Mbamba Bay, na kabla hajashusha magunia yake akasema kuna boti imepinduka, iliyokuwa inaelekea Malawi. Lini? Siku ileile aliyovuka Hildegardi. Waliokuwamo? Hajui. Wamepona? Wengine, wanasema. Agripina alisema hivyo akiwa anatazama chini, kwa sababu Hildegardi alikuwa mteja wake.

Placidi akapanda tofali, akampigia mkewe. Yule mama wa kwenye simu, mwenye sauti ya upole isiyo na huruma, akamwambia mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani. Akapiga na kupiga, mama yuleyule, maneno yaleyale. "Hapatikani wapi?" Placidi akamfokea. "Sema basi, hapatikani wapi?"

Ninyi wa leo mmeshaelewa. Mnajua mtu akishuka ng'ambo ananunua laini ya huko, ya kwake anaifunga kwenye pindo la kitenge, na namba yake inakuwa nyingine. Matiri hawakujua. Kwao namba ya simu ilikuwa kama jina la ubatizo, unapewa mara moja na unazikwa nalo. Aliyejulikana kuwa anajua mambo ya simu ni Edmund, mwenye duka la vocha na la kuchajia, na alichokijua Edmund wiki ile kilikuwa balaa tupu.

Alikuwa amekiokota stendi ya Mbinga. Kuna namba inapigia watu, alisema, ukiipokea tu damu inatoka masikioni na unaanguka palepale. Eti abiria mmoja aliipokea ndani ya basi, hakufika mwisho wa safari. Edmund alikuja barazani kwa Placidi, akaisoma ile namba iliyobaki kwenye kioo akiwa kwa mbali, mikono mgongoni.

"Za kwetu zote zinaanza mbili tano tano," akasema. "Hii ni mbili sita tano. Hiyo sita imetoka wapi? Placidi, wewe ni Mkristo. Sita ni ya nani kwenye kitabu cha Ufunuo?"

Mungu wangu! Watu walifanya ishara ya msalaba hata wale ambao kanisani huwaoni mpaka Pasaka. Na kabla hawajashusha mikono, simu ikaita tena. Ilikuwa namba ileile. Baraza likawa tupu. Kina mama walinyakua watoto, mzee mmoja akaacha fimbo yake, na Edmund, mtaalamu mwenyewe, alionekana tayari yuko kwenye migomba. Placidi alibaki amesimama chini ya nguzo, miguu haikubali kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ikakata.

"Usiiguse, mwanangu," mama yake, Bibi Rosa, akalia, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mkwe wangu ziwa limemchukua. Na wewe uchukuliwe na hicho kidude?"

"Hatujajua kama limemchukua, mama."

"Basi ngoja ujue ukiwa hai."

Jioni watu walirudi kidogo kidogo, wakakaa mbali na nguzo. Hawakujua kama wamekuja msibani au la. Mwingine alileta kuni, mwingine maharage, wakaongea kwa sauti ya chini. Waliuliza habari ya Misa, na katekista akajibu kwamba Misa ya wafu haisomwi kwa kubahatisha. Placidi alikaa kwenye kigoda anaitazama simu. Alikuwa na hofu, lakini juu ya hofu kulikuwa na lile neno lake la siku ya safari. Aliona aibu hata kulia mbele za watu, kwa sababu wengine walimsikia siku ile alipolisema.

Asubuhi akagundua jambo lingine. Chaji ilikuwa imebaki kijiti kimoja. Akamwita Edmund aliyekuwa anapita barabarani.

"Nichajie, ndugu yangu, hata nusu saa."

"Simu hiyo?" Edmund akasogea upande wa pili wa barabara. "Haiingii dukani kwangu. Nina mke na watoto."

"Sasa ikizima?"

"Ikizima si ndiyo umepona?"

Umepona! Placidi alimtazama yule mtu, akatamani kumrushia tofali. Ikizima, ndiyo basi. Mkewe kama yuko hai hatampata, na kama amekufa hakuna atakayemwambia. Atakaa miaka hapo Matiri, anageuza kahawa, anasikiliza uvumi wa wauza usipa. Aliingia ndani, akanywa maji, akatoka, akaingia tena. Hakuna kitu kibaya kama kusubiri jambo unaloliogopa, na ubaya unazidi pale unapoogopa pia kwamba halitakuja.

Likaja. Simu ikaita, mwanga wake mdogo ukawaka ndani ya kopo. Mbili sita tano.

Placidi akavua kofia. Bibi Rosa akapiga ukelele toka jikoni, akakimbilia nje, lakini mwanawe alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye tofali.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nikianguka, mtumieni mtu Songea akamwambie mwanangu Luisa. Na hiyo kahawa muianue, wingu limefunga kule Litembo."

"Placidi! Placidi mwanangu, nakuomba!"

"Yeyote anayepiga, mama, anapiga akiwa mahali fulani. Huenda anajua alipo mke wangu."

Watu walikuwa wamejaa barabarani, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Placidi akafumba macho, akabonyeza, akaegemeza sikio kwenye kopo.

"Haloo."

"Baba Luisa! Una nini wewe? Tangu jana napiga, napiga, mpaka vocha ya shemeji yako imekwisha!"

Placidi akasubiri damu. Haikuja. Sikio lilikuwa la moto, lakini kavu.

"Nani mwenzangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani mwenzako! Ni mimi. Laini yetu huku haifanyi kazi, nimewekewa ya Malawi. Na majina yote yamebaki kwenye ile ya nyumbani, hata namba ya Luisa siijui. Namba niliyo nayo kichwani ni yako tu, na wewe simu umeifanya pambo."

"Walisema boti imepinduka."

Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Iliyokuwa nyuma yetu. Tuliiona, Baba Luisa. Tuliiona na hatukuweza kugeuza. Ndiyo maana nikawa nakupigia, usije ukasikia kwa watu ukafa kwa presha. Kwa nini hukupokea?"

Placidi aliona haya kusema, lakini siku ile alikuwa amechoka kuficha mambo.

"Walisema anayepokea namba ya namna hii anakufa."

"Anakufa?"

"Damu masikioni. Papo hapo."

"Na wewe ukaamini?"

"Niliamini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sasa hivi niliposikia sauti yako."

Placidi akabana sikio kwenye kopo, akidhani mtandao umekata.

"Kama uliamini," mkewe akauliza polepole, "mbona umepokea?"

"Ningefanyaje, Mama Luisa? Nilidhani labda wanataka kuniambia ulipozikwa."

Kwenye simu kikaja kilio, kwanza kidogo, cha mtu anayejizuia, halafu kikubwa, na nyuma yake mtoto mchanga wa Lukresia naye akaanza kulia. Placidi akaikumbatia nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili asianguke, paji la uso likiwa kwenye mti, mabega yanatikisika.

"Inamuua!" Edmund akapiga kelele barabarani. "Si niliwaambia? Inamuua!" Bibi Rosa akajitupa chini, kina mama wakaanza kuomboleza, wengine wakatimua mbio.

Placidi hakugeuka. Alitoa mkono mmoja kwenye nguzo, akawapungia kwa hasira wanyamaze, asije akakosa hata kidogo kumsikia mke wake akilia.